Mturuki, Mchina, Mhindi au Mkonge: Zulia Lipi Litakufaa Tanga?

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, Barabara ya 12. Sebule yake ina sakafu ya saruji nyekundu, inayong'arishwa kwa kumbi la nazi tangu enzi za marehemu mumewe, na mwezi ujao anamwoza binti yake wa mwisho. Anataka zulia. Alizunguka madukani siku mbili, akarudi amechoka na swali moja tu: "Mwanangu, nichukue Mturuki au Mchina?"

Aliniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa karani wa wakala wa forodha hapa mjini kwa miaka minane, na ankara na hati za makontena ya mazulia zimepita sana mezani kwangu. Alitegemea jibu la neno moja. Nikamwuliza, "Shangazi, watakaa kina nani juu yake, na kitamwagika nini?" Akaniangalia kama namzungusha. Simzungushi. Swali lake ndilo linalomtia mnunuzi hasara, kwa sababu jina la nchi haliwezi kukwambia zulia litadumu au halitadumu.

Dukani wanataja nchi, forodhani wanaangalia lilivyotengenezwa

Kwenye vitabu vya ushuru mazulia yana sura yao, ya 57, na mpangilio wake haufuati nchi. Namba 57.01 ni ya mazulia yaliyofungwa fundo moja moja kwa mkono. Namba 57.02 ni ya kufumwa: uzi wa manyoya unashikwa na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, tangu mwanzo, siku hizi zaidi mtamboni. Namba 57.03 ni ya kudungwa. Hapo safu ya sindano inachoma uzi kwenye kitambaa kilichokwisha kutengenezwa, kisha mgongo unapakwa gundi ya mpira ili uzi usichomoke.

La kudungwa, basi, uhai wake uko kwenye gundi, na gundi hiyo haipatani na joto letu wala unyevu wa masika. Najua kwa kuwa nimelipia. Niliwahi kununua zulia duka moja ambalo jina lake nalihifadhi, nikaambiwa ni Mturuki halisi. Baada ya masika mbili nikawa kila nikilikunja linamwaga unga mweupe chini, kama mtu anayekuna muhogo mkavu. Juu lilikuwa zuri kama siku ya kwanza. Mgongo ndio uliokuwa umekwisha. Hata kama kweli lilitoka Uturuki, lilikuwa la kudungwa, na mimi sikuligeuza.

Kwa hiyo geuza kwanza. Ukiona mgongoni ua lile lile la juu, limefifia kidogo, pamoja na mistari ya juti au pamba, hilo limefumwa. Ukiona kitambaa cheupe au cha kijivu kilichobandikwa, hakina ua lolote, hilo limedungwa. Muuzaji mwenye haraka atanuna. Mwache anune.

Haina maana kwamba la kudungwa halifai kabisa. Chumba cha kupanga, mtu anahama kila mwaka, pesa ni ya mawazo: chukua, lakini lipa bei ya kitu cha miaka miwili.

Plastiki iliyotuulia mkonge

Baada ya mgongo, uzi. Mazulia mengi ya bei ya kati ninayoyaona Tanga, ya Uturuki na ya Misri, na baadhi ya China, ni ya polipropilini, plastiki ile ile ya viroba vya sukari na kamba za manila.

Sisi watu wa Tanga tuna deni la zamani na plastiki hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo nchi ilifika kuvuna takribani tani 230,000 za katani mwaka 1964. Kisha kamba za polipropilini zikaingia sokoni kwa bei ya kutupa, bei ya katani ikaanguka, mashamba yakaota msitu. Leo plastiki hiyo hiyo imefumwa maua ya Kiajemi, tunaitandika sebuleni na kuiita Mturuki. Mzee mmoja wa Muheza aliyekata mkonge ujana wake alilikanyaga zulia la namna hiyo nyumbani kwetu, nilipomwambia limetengenezwa na nini, akarudisha mguu nyuma.

Hata hivyo, haki yake tuipe. Polipropilini hainywi maji. Rangi yake huchanganywa na plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, kwa hiyo jua la dirishani haliichujui upesi. Chai, uji, soda, mkojo wa mtoto: futa, suuza, anika, basi. Kwa nyumba ya pwani ambako kitambaa chochote kinachonywa maji kinanuka uvundo kufikia Mei, hilo si jambo dogo.

Ubaya wake uko sehemu tatu, na mbili kati ya hizo zinatuhusu sisi hasa. Kwanza inapenda mafuta. Sinia la pilau likichuruzika, doa la maji litatoka, la mafuta litang'ang'ania na kuanza kukusanya vumbi. Pili inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kidogo. Kaa moja likianguka kutoka kwenye chetezo cha udi unapata tundu gumu lenye kingo nyeusi, na tundu hilo hakuna fundi wa kuliziba. Ya tatu ni miguu ya kochi: manyoya yakilala chini yake hayainuki tena.

Poliesta, ambayo ndiyo uzi wa makapeti mengi ya manyoya marefu kutoka China, inavumilia joto zaidi, ni laini, inang'aa. Wanawali wanaipenda. Tatizo letu ni mchanga. Manyoya ya sentimita nne au tano yanameza mchanga wa uani kama yalivyo, ufagio wa chelewa haufiki chini, na mwenye mashine ya kufyonza vumbi kwa mtaa wetu namjua mmoja tu.

Sufu haiyeyuki. Kaa likiianguka inaungua pale pale, inanuka kama nywele, inazimika, unakwangua jivu. Ndiyo maana wazee waliofukiza udi kila Alhamisi hawakuogopa mazulia yao. Ila nondo wanaila, na bei yake ni ya watu wengine.

Kuna pia yale yanayoitwa "hariri ya mianzi". Hiyo ni viskosi, uzi unaotengenezwa kwa massa ya mimea. Yanameremeta dukani, maji yakimwagika manyoya yanalala na kuacha alama ya manjano. Pita.

Mturuki na Mchina bega kwa bega

Turudi kwa shangazi. Akisema "Mturuki" anamaanisha zulia la kufumwa, lenye nakshi za duara katikati na maua pembeni, zito, linaloviringishwa kama jora. Yanatoka zaidi Gaziantep, kusini mashariki mwa Uturuki, mji ambao umejaa viwanda vya kazi hii, na mitambo yake mingi ni ya Ubelgiji. Wabelgiji waliwahi kutawala biashara ya mazulia ya mtamboni. Sasa wanauza mitambo, na Waturuki wanauza mazulia, ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka.

Akisema "Mchina" anamaanisha moja kati ya vitu viwili vilivyo mbali kabisa: kapeti la manyoya ya poliesta, au lile jepesi lililochapwa picha juu ya kitambaa kama cha blanketi, linalouzwa limekunjwa kwenye mfuko. China inatengeneza pia mazulia mazuri ya kufumwa na ya kufungwa kwa mkono, lakini hayo wafanyabiashara wetu hawaleti, kwa hiyo Mchina tunamhukumu kwa kile tulichomwagiza.

Tofauti ya bei kati yao inaanzia kwenye kontena. Zulia zito la kufumwa ukilikandamiza halipungui. Linakwenda limeviringishwa, roli juu ya roli, na kila roli linabeba sehemu yake ya nauli ya meli. La poliesta linafyonzwa hewa, linakuwa bapa kama chapati, na yanaingia mengi zaidi. Halafu mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Yiwu hahitaji kujaza kontena zima la mazulia. Anachanganya na mablanketi, mapazia na maua ya plastiki, au anashirikiana na wenzake watatu. Ndiyo sababu ukiingia duka la mapazia leo unakuta na makapeti pembeni. Miaka ya nyuma duka la mazulia lilikuwa duka la mazulia.

Kuna na suala la njia, na hapa ndipo mwelekeo wa miaka ya karibuni ulipopindia. Shehena ya Gaziantep hupakiwa bandari kama Mersin, hupita Suez na Bahari ya Shamu, kisha hushuka kwetu. Kuanzia Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mzigo wa kutoka Mersin kuja Afrika Mashariki huo ni mzunguko wa zaidi ya mara mbili ya njia ya kawaida. Mzigo wa China na India haupiti huko kabisa, unavuka Bahari ya Hindi. Mwaka huo huo wa 2023, tarehe 6 Februari, tetemeko kubwa lilikuwa limeipiga Gaziantep na majirani zake. Nyuma kidogo, mwaka 2021, lira ya Uturuki ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya thamani yake mbele ya dola, na mazulia yao yakawa rahisi kwa mnunuzi wa nje. Baadaye mfumuko wa bei ukapandisha gharama za viwanda vyao na unafuu ule ukaliwa.

Kwa upande wetu, dola iliyokuwa karibu shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilikuwa imepita 2,600 kufikia nusu ya pili ya 2024, na kulikuwa na kipindi hata ukiwa na shilingi zako mkononi dola huipati benki. Aliyekuwa akiagiza Mturuki mzito akaanza kuagiza Mchina mwepesi, mteja akapewa kilichopo. Shangazi anaona rafu zimejaa makapeti ya kukunja na kudhani ndiyo fasheni. Fasheni ipo, sikatai, lakini nauli na dola ndizo zilizoileta dukani.

Ushuru nao ujue unavyolipwa, maana wauzaji hupenda kuusingizia. Thamani ya forodha huhesabiwa pamoja na bima na nauli ya meli. Zulia lililofika bandarini kwa shilingi 100,000, kwa ushuru wa asilimia 25, linakuwa 125,000. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, jumla 147,500, kabla ya tozo ndogo ndogo, lori na faida. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kwa daraja hilo zulia hilo hilo lingefika 159,300. Ukiangalia vizuri, nauli ikipanda ushuru nao unapanda, kwa sababu nauli imo ndani ya hesabu. Bahari ya Shamu inakutoza mara mbili.

Bandari yetu imetengenezwa kwa shilingi bilioni 429, kina kimefika mita 13, meli zinafunga gatini wenyewe badala ya kutia nanga mbali na kushusha kwa matishari. Hata hivyo mazulia mengi ya madukani kwetu bado yanakuja kwa lori kutoka Kariakoo. Mwenye kutaka Mturuki kwa bei nafuu zaidi, nauli ya basi kwenda Dar inaweza kurudi. Kwa zulia moja la sebule, sidhani.

Mmisri, Mhindi, Mwajemi, na mtumba

Mmisri ni ndugu wa Mturuki: amefumwa, polipropilini, nakshi zile zile. Misri ina kiwanda kikubwa sana cha mazulia, Oriental Weavers. Utamkuta kwa bei tamu zaidi Mombasa kuliko Tanga, na siri yake ni siasa ya biashara: Kenya na Misri zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na zinauziana kwa unafuu, Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kuna wanaofikiria kulivusha mpaka wa Horohoro kimya kimya. Roli la futi kumi juu ya bodaboda halifichiki, nawaambia.

Mhindi ana sura mbili. Bhadohi na Mirzapur wanafanya mazulia ya mkono, na India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza mazulia ya mkono, mteja wake mkuu akiwa Marekani. Hayo hatuyaoni. Tunayoyaona ni ya Panipat: mazulia mepesi ya pamba yasiyo na manyoya, na vile vya kufutia miguu mlangoni. Haya ya pamba nayasifu. Yanafuliwa kwenye beseni, yanakauka kwa jua la asubuhi moja, chumbani yanatosha. Agosti 2025 Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, watengenezaji wake walilazimika kutafuta milango mingine.

Mwajemi ndiye babu wa wote. Neno zulia lenyewe asili yake ni huko, na majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalikuwa na mazulia na tende ndani, yakirudi na boriti za mikoko. Busati tulikuwa tukilipata kwa njia hiyo hiyo. Leo Mwajemi wa mkono ni kitu cha kurithi. Ukimwona anauzwa, angalia matamvua: kwenye zulia la mkono matamvua ni ncha za mtande wenyewe, yanatoka ndani ya zulia. La mtamboni mara nyingi yameshonewa.

Mtumba wa Ulaya usiudharau. Katika marobota huanguka zulia la sufu ambalo kwa dukani usingeligusa. Lioshe, lianike siku tatu, likague mayai ya nondo mgongoni.

Mkonge na mkeka

Sasa hapa nina upendeleo, na sitauficha. Zulia la katani linatoka kwenye nyuzi za mashamba tunayoyapita tukienda Korogwe. Ni gumu, mchanga unaanguka katikati ya nyuzi badala ya kung'ang'ania, miguu ya kochi hailiumizi, na kwa ofisi au ukumbi wa kuingilia sijaona la kulishinda. Sehemu kubwa ya katani yetu husafirishwa nje, China ikiwa mnunuzi mkubwa, na huko wanaifuma mazulia. Saudi Arabia nao wananunua, wao wanachanganya kwenye jasi ya dari.

Ila kwa sebule ya shangazi halifai. Katani inakunywa maji, ikinywa inavimba na kuacha doa la kahawia, na kuifua huwezi. Juu ya hapo inachoma miguu mitupu, na pale watu watakaa chini kula. Harusi nzima wageni wangekuwa wanajikuna.

Mkeka wa ukindu au jamvi la miyaa ndiyo linalojua kazi hiyo. Jepesi, la baridi, linakunjwa na kuegeshwa pembeni, kaa la udi likianguka unachomeka chane mpya pale palipoungua. Halina manyoya ya kumeza pilau. Linachakaa, kweli, na msukaji mzuri anataka wiki kadhaa.

Dukani, ukiwa umesimama

Nenda na futi yako. Kinachoitwa "tano kwa nane" mara nyingi ni sentimita 160 kwa 230, yaani futi tano na robo kwa saba na nusu. Ile nusu futi ya urefu umeilipia na hukupewa. "Saba kwa kumi" ni mita 2 kwa 3, nayo ni pungufu kote kote.

Likunje kwa nje, manyoya yaangalie juu, uone mizizi. Mgongo ukionekana waziwazi kati ya mistari, manyoya ni machache, hata kama ni marefu. Kwa kukanyagwa, mafupi yaliyobanana yanashinda marefu yaliyotawanyika. Omba uzi mmoja uliochomoza pembeni, uchome nje ya duka: ukiyeyuka na kunuka mshumaa ni polipropilini, ukinuka nywele ni sufu, ukinuka karatasi ni pamba au katani. Nilimfanyia hivyo muuzaji aliyeapa kwamba lake ni sufu tupu. Likanuka mshumaa. Akasema labda ni sufu ya kisasa.

Shangazi, baada ya yote hayo, alichukua zulia la kufumwa la polipropilini, manyoya mafupi, mgongo wa juti, rangi ya damu ya mzee yenye maua ya maziwa. Kibandiko kilisema Misri. Dukani walikuwa wakiliita Mturuki na hakuona sababu ya kubishana. Akaagiza na majamvi mawili kwa msukaji wa Makorora, yatatandikwa juu yake siku ya kula pilau, na chetezo kitawekwa kwenye sinia la shaba.

Tukalifikisha jioni, tukalitandika watu wanne. Limekaa vizuri kona zote. Kisha binti akataka kutoka, mlango ukagoma: unafunguka kwa ndani, na hakuna kati yetu aliyepima nafasi ya chini yake. Tumetokea mlango wa uani. Seremala anakuja Jumatatu na randa.